Luigi Broglio na Jukwaa la Ngomeni

Miongoni mwa watu ambao historia ya pwani ya Kenya imewataja kwa nadra, ingawa kazi yao ilionekana na kila mvuvi wa Ghuba ya Ungwana, yumo mhandisi Mwitaliano Luigi Broglio. Kwao Italia anahesabiwa kuwa baba wa safari za anga za juu. Huku kwetu jina lake limebaki kwenye kibao cha kituo kilicho kaskazini mwa Malindi, na wengi wapitao hapo hawajui aliyebeba jina hilo alikuwa nani wala alitafuta nini katika maji yale. Alichokitafuta ni ikweta. Nchi yake haikuwa nayo, na yeye alikwisha kung'amua kwamba juu ya mstari huo kuna mambo ambayo hayapimiki kutoka mahali pengine popote.

Broglio alizaliwa tarehe 11 Novemba 1911 huko Mestre, mji wa bara unaotazamana na visiwa vya Venice. Mlinzi wa Venice katika imani ya Wakatoliki ni Mtakatifu Marko, na jina hilo, San Marco, ndilo litakaloandama kazi yake yote. Alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Roma, kisha akaingia katika kikosi cha wahandisi wa jeshi la anga. Huo ulikuwa wakati wa utawala wa Mussolini, na jeshi alilolitumikia lilikuwa jeshi la utawala huo. Jambo hili halina budi kutajwa, maana maisha ya mtu hayaandikwi kwa kuchambua mchele na kutupa chuya pekee. Baada ya vita alirejea chuoni akawa mwalimu, na katika miaka ya 1950 akamrithi Gaetano Arturo Crocco, mkongwe wa elimu ya urukaji nchini humo, katika uongozi wa shule ya uhandisi wa anga ya chuo hicho. Tangu hapo alivaa kofia mbili, ya ofisa wa jeshi na ya profesa, wala hakuivua hata moja. Alipanda ngazi za jeshi hadi cheo cha jenerali huku akiendelea kufundisha.

Mwaka 1957 Warusi walirusha Sputnik, na dunia nzima ikainua macho. Italia ilikuwa nchi iliyoshindwa vitani, yenye fedha haba. Broglio, hata hivyo, alikuwa ameanza tayari, kwani jeshi la anga lilikuwa limempa kazi ya kusimamia majaribio ya roketi, na uwanja wa Salto di Quirra katika kisiwa cha Sardinia ulikuwa umefunguliwa mwaka 1956. Mwaka 1961 roketi ndogo zilirushwa kutoka hapo na kumwaga mvuke wa sodiamu katika tabaka za juu za hewa. Wingu lile la rangi lilipeperushwa na pepo ambazo hakuna puto lingeweza kuzifikia, na wapimaji waliokuwa chini wakasoma mwendo wake kwa kulipiga picha. Mtindo ni ule ule wa mvuvi arushaye unyoya kutambua upepo kabla ya kutweka tanga.

Kutoka roketi ndogo hadi setilaiti ni hatua ndefu. Broglio alikwenda kwa Wamarekani na pendekezo lililokuwa na ujanja ndani yake. Hakuomba setilaiti ya Italia irushwe na Wamarekani, kama Waingereza na Wakanada walivyofanyiwa mwaka 1962. Aliomba roketi yenyewe, aina ya Scout, ambayo ilikuwa nyembamba, ya hatua nne, inayotumia fueli yabisi, na akaomba mafundi wake wafunzwe kuirusha wenyewe. Serikali ya Amintore Fanfani iliukubali mradi mwaka 1961, na mwaka 1962 mkataba ukatiwa saini na NASA, shirika la anga za juu la Marekani. Tarehe 15 Desemba 1964 setilaiti ya San Marco 1 ilirushwa kutoka Wallops, Virginia, na waliobonyeza vitufe walikuwa Waitaliano.

Ndani ya setilaiti hiyo kulikuwa na kifaa alichokibuni Broglio mwenyewe, na ambacho hadi leo huitwa mizani ya Broglio. Wazo lake ni jepesi kulieleza, kulitenda ndiko kugumu. Setilaiti iliundwa kwa sehemu mbili: gamba jepesi la nje lenye umbo la tufe, na mwili mzito wa ndani, navyo vikaunganishwa kwa viungo vyenye kunepa. Katika kimo cha kilomita 200 hivi hewa ni chache mno, lakini ipo, na humsukuma kila apitaye. Gamba jepesi likisukumwa hujikokota nyuma ya mwili mzito kwa kiasi kidogo sana, na mnepo ule ukipimwa hutoa wingi wa hewa hapo hapo setilaiti inapopita. Kabla ya hapo wataalamu walikadiria wingi huo kwa kutazama jinsi setilaiti zinavyoshuka kwa siku nyingi, na walichopata kilikuwa wastani. Mizani ya Broglio ilitoa badiliko la saa kwa saa, mchana na usiku.

Kwa nini basi ikweta? Sababu ya kwanza ni ya mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo. Dunia huzunguka, na pale ikweta uso wake huenda kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa. Roketi irushwayo kuelekea mashariki kutoka hapo hupewa kasi hiyo bure, na Scout haikuwa roketi ya kudharau msaada. Sababu ya pili ni kwamba setilaiti ikitakiwa kuzunguka juu ya ikweta tu, basi njia rahisi ni kuirusha papo hapo. Ikirushwa kutoka Virginia italazimika kugeuzwa njia angani, na mgeuzo huo hula fueli nyingi kuliko ile roketi ndogo iwezayo kubeba. Sababu ya tatu ndiyo iliyomkera Broglio kama mwanasayansi: hewa ya juu, chembe za umeme na nguvu za sumaku zina tabia ya pekee katika ukanda huo.

Italia haikuwa na ardhi ikweta, nayo yenyewe ina watu wengi mno kuweza kuangushiwa vipande vya roketi. Jibu la Broglio lilikuwa bahari. Alichukua jukwaa la kuchimbia mafuta kutoka ENI, kampuni ya mafuta ya taifa hilo, akaligeuza kuwa kituo cha kuongozea urushaji na kuliita Santa Rita. Rita ni mtakatifu ambaye Wakatoliki humwomba katika mambo yaliyoshindikana, na msomaji anaweza kukisia mafundi walivyolipokea jina hilo. Jukwaa lilikokotwa hadi Ghuba ya Ungwana, mbele ya kijiji cha Ngomeni, latitudo ya digrii 3 hivi kusini mwa ikweta. Mwezi Machi na Aprili 1964 roketi ndogo za majaribio ziliruka kutoka hapo. Bendera ya Kenya huru ilikuwa haijatimiza hata miezi sita mlingotini. Baadaye liliongezwa jukwaa la pili, San Marco, lililokuwa mali ya jeshi la Marekani, nalo likawa ndipo roketi inaposimamishwa. Waya zilipitishwa chini ya maji kuyaunganisha hayo mawili.

Jina Ngomeni lenyewe linastahili kutuliwa kidogo. Ni ngome yenye kiambishi cha mahali, kwa hiyo kijiji kile kilibeba kumbukumbu ya ulinzi na ya wageni watokao baharini karne nyingi kabla ya Mwitaliano huyu kufika na miguu yake ya chuma. Pwani hiyo imezoea kupokea vyombo. Lakini hiki hakikuja na shehena ya kuuza wala hakikupakia pembe wala mikoko. Kilipakia vipimo.

Tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 iliruka kutoka jukwaani na kuingia katika njia yake ya kuizunguka dunia. Ilikuwa setilaiti ya kwanza kurushwa kutoka jukwaa la baharini. Tangu siku hiyo hadi mwaka 1988 setilaiti 9 ziliruka kutoka Ngomeni, na zote 9 zilifika zilikokusudiwa. Rekodi hii haina doa, jambo ambalo viwanja vingi vikubwa na vyenye fedha tele haviwezi kulidai.

Maarufu kuliko zote ni ile iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru. Ilikuwa mali ya NASA, na ndiyo setilaiti ya kwanza ya Marekani kurushwa na watu wa taifa jingine. Marjorie Townsend, aliyeusimamia mradi kwa upande wa Wamarekani, aliipa jina Uhuru kwa heshima ya wenyeji. Miaka kumi tu nyuma neno hilo lilikuwa likipazwa katika mitaa ya Mashariki ya Nairobi, kutoka Pumwani na Kaloleni hadi uwanja wa Kamukunji ulio jirani na Gikomba, na serikali ya kikoloni ililisikia kama tishio. Sasa lilikuwa likizunguka juu ya vichwa vya wote. Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kutafuta nyota zitoazo eksirei. Orodha yake ya nne, iliyochapishwa mwaka 1978, ina vyanzo 339, na kila kimoja kina jina linaloanza na 4U, yaani Uhuru ya nne. Wanafalaki wa Tokyo na Chicago huziandika alama hizo hadi leo, na herufi ya neno la Kiswahili imo katika kila mojawapo. Mwaka 2002 Riccardo Giacconi, aliyeongoza uchunguzi wake, alipewa Tuzo ya Nobeli.

Sifa za Uhuru zimeifunika ndugu yake mdogo ambaye, kwa upande wa ikweta, ndiye aliyekwenda ndani zaidi. Setilaiti hiyo iliitwa Explorer 45. Ilikuwa na uzito wa kilo 50 na ushei, na iliruka kutoka Ngomeni tarehe 15 Novemba 1971. Njia yake haikuwa duara. Upande mmoja iliikaribia dunia hadi kilomita 200 na kitu, na upande wa pili ilikwenda mbali kiasi cha kilomita 27,000, kisha ikarudi, kwa muda unaokaribia saa 8 kila mzunguko. Njia ililala karibu kabisa na ikweta. Ikumbukwe kwamba ikweta ya sumaku si ile ya ramani. Ardhini, katika upande wetu wa Afrika, hupita kaskazini zaidi, ndani ya Ethiopia, kwa sababu mhimili wa sumaku ya dunia umeinama. Lakini chombo kinachozunguka hivyo juu ya ikweta ya kawaida hukatiza ile ya sumaku tena na tena, na hapo ndipo palipokusudiwa.

Nafasi ile ya juu haiko tupu. Imejaa plazima, yaani gesi ambayo chembe zake zimeachana na kubaki na chaji za umeme, protoni huku na elektroni huku. Chembe hizo hufungwa na nguvu ya sumaku ya dunia kama punda wa kinu: huzunguka kuuzunguka mstari wa sumaku, hukimbia kaskazini na kusini zikirudishwa kila zikaribiapo ncha, na papo hapo huhama polepole kuizunguka dunia, protoni kuelekea magharibi na elektroni mashariki. Uhamaji huo ni mkondo wa umeme wenye umbo la pete. Jua linapochafuka pete hiyo hunenepa, na sumaku ya dunia hutikisika hadi sindano za dira zikayumba. Hiyo ndiyo dhoruba ya sumaku. Explorer 45 haikuwa imetimiza miezi miwili angani dhoruba kubwa ya tarehe 17 Desemba 1971 ilipoikuta katikati ya pete, na vipimo vya siku hizo vilichambuliwa na wataalamu kwa miaka mingi.

Pamoja na chembe, setilaiti hiyo ilipima mawimbi. Wimbi la plazima ni jambo gumu kulitia akilini, kwa hiyo na uchukuliwe mfano wa soko la Gikomba wakati wa adhuhuri. Mkokoteni ukisukumwa kwa nguvu upande wa Mto Nairobi, watu hubanwa, mbano hupita kutoka bega hadi bega, na aliye karibu na Barabara ya Quarry huyumba ilhali hakuna hata mmoja aliyetoka mtoni akafika barabarani. Hilo ni wimbi la hewa, sawa na sauti. Plazima ya anga ni adimu mno, na chembe zake ni nadra kugusana mabega. Huko mfano unaofaa zaidi ni wa wanadi wa mitumba: mmoja akipaza sauti kushusha bei, wa kibanda cha mbali humsikia akapaza yake, na muda si muda mnada umehama hadi mwisho wa soko bila mtu kumgusa mwenziwe. Sauti ya chembe ni nguvu ya umeme na ya sumaku. Kila moja ikitikisika huitikisa iliyo mbali.

Pale ikweta ya sumaku mnada huo huwa mkali. Kwenye kila mstari wa sumaku, nguvu ni dhaifu kabisa hapo katikati, kwa hiyo chembe nyingi zilizonaswa hukaa hapo zikizunguka kwa kasi kuukata mstari badala ya kuufuata. Protoni za namna hiyo zikizidi, ziada ya nishati yao hugeuka mawimbi. Wataalamu wa Marekani waliotumia setilaiti ya OGO 3 walitangaza mwaka 1970 kwamba wameyakuta, yakitetemeka kwa mamia ya mara kwa sekunde au chini ya hapo, katika ukanda mwembamba wa digrii chache tu za ikweta ya sumaku. Mawimbi hayo husafiri kwa kuikata mistari ya sumaku, ndiyo maana hayatoroki kwenda kaskazini wala kusini. Elektroni nazo zina mawimbi yao, ya kasi zaidi, ambayo yakigeuzwa kuwa sauti husikika kama ndege wa alfajiri. Haya yalinaswa na vipimo vya Explorer 45 na kuoanishwa na elektroni zilizomiminika wakati wa dhoruba.

Setilaiti hiyo ilizimwa mwaka 1974. Yaliyofuata yalithibitisha kwamba Broglio alichagua mahali pa kutazama. Tarehe 6 Julai 2013 vyombo vya Ulaya viitwavyo Cluster vilipita katika ukanda huo huo, na mawimbi yaliyodhaniwa kuwa kelele isiyo na mpango yakaonekana kuwa mistari iliyopangika kwa umbali sawa, kama mgongo wa punda milia. Kila mstari uliangukia kizidisho cha kasi ambayo protoni huzunguka nayo. Hili si jambo la udadisi mtupu, kwa maana mawimbi haya huweza kuzipa elektroni nguvu ya kuharibu setilaiti, zikiwemo zile ambazo dereva wa lori na nahodha wa jahazi huzitegemea kujua walipo.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili habari hizi zina uchungu wake. TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, yaani baada ya setilaiti ya mwisho ya Ngomeni kuruka. Kwa zaidi ya miaka 20 vyombo viliondoka mbele ya kijiji cha Waswahili, vikapima nafasi iliyo juu ya Waswahili, na taarifa zake zikaandikwa kwa lugha nyingine na kusomwa kwingine. Neno moja lilipanda. Maneno mengine yalibaki ufukweni. Lawama hiyo haiwezi kutwikwa Broglio peke yake, kwa sababu yeye aliwafundisha Waitaliano roketi ya Wamarekani bila kuona haya ya kuwa mwanafunzi, na mfano huo ulikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kuufuata.

Yeye mwenyewe hakumaliza kwa furaha yote. Baada ya SAS-3, iliyorushwa tarehe 7 Mei 1975, jukwaa lilikaa karibu miaka 13 bila kurusha setilaiti. Wakati huo Ulaya ilikuwa imekwisha kuchagua uwanja wake wa ikweta kwingine, huko Kourou katika Guyana ya Ufaransa, na fedha zikafuata huko. San Marco ya mwisho iliruka tarehe 25 Machi 1988, ikiwa na mizani ya Broglio ndani yake, naye akiwa na umri wa miaka 76. Mwaka huo huo Italia iliunda shirika lake la anga. Broglio alitaka Scout iboreshwe ili Ngomeni iendelee kuishi, lakini mpango huo haukutekelezwa, na Wamarekani nao waliirusha Scout yao ya mwisho mwaka 1994. Roketi ikawa imekufa kabla ya mwalimu wake.

Luigi Broglio alifariki Roma tarehe 14 Januari 2001, akiwa na miaka 89. Kituo cha Ngomeni kilipewa jina lake, na minara yake ya nchi kavu ikaendelea na kazi ya kupokea ishara za setilaiti zilizorushwa kutoka kwingine. Mkataba mpya kati ya Kenya na Italia kuhusu kituo hicho ulitiwa saini mwaka 2016, baada ya miaka mingi ya maswali juu ya kile ambacho wenyeji wamekipata. Tarehe 11 Mei 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na chuo kile kile cha Roma alichofundisha Broglio, iliachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha angani. Na tarehe 15 Aprili 2023 Kenya ilirusha Taifa-1, yenye jina la Kiswahili kama Uhuru. Iliruka kutoka Vandenberg, California.